Komamanga la Ng'ambo ya Kijito

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na mchezo wake wa kila Ijumaa, na mchezo ule ndio ulionionyesha kwamba mimi si mtu mwema. Wengine hugundua jambo hilo wakiwa watu wazima, wakati wameshajiwekea sababu za kujitetea. Mimi niligundua nikiwa darasa la sita, mchana kweupe, mbele ya shule nzima, huku napigiwa makofi.

Kijiji chetu kilikuwa hakijafikisha mwaka. Kilipangwa mistari iliyonyooka, upande huu na upande ule wa barabara ya vumbi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Tura. Tulikuwa tumeletwa hapo kiangazi, kila ukoo kutoka porini kwake, wengine kwa hiari, wengine kwa kupakiwa kwenye lori, na nyumba zilizoachwa nyuma ziliezuliwa ili mtu asipate pa kurudi. Baba yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Nyumbani tulikumbushwa hilo mara nyingi kuliko tulivyokumbushwa kuoga.

Mchezo wenyewe ulikuwa vitendawili, lakini vya mimea tu. Anayetega alisimama mbele na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna ushahidi: jani, mbegu, mzizi, chochote cha mmea wenyewe. Alitoa vidokezo vitatu, kimoja kimoja, na kila kidokezo kilipunguza alama za atakayejibu. Shule nzima ikishindwa, alidai mji, tukampa mji, naye akatuambia amekwenda huko akapikiwa pilau na kulala kitandani, ndipo akafungua kitambaa. Mara nyingi tulimpa Dar es Salaam, mji ambao hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeuona, na nadhani hata mwalimu hakuwa ameuona.

Tulikuwa na sharti moja ambalo sijalisikia mahali pengine. Aliyejibu alipaswa kueleza ameuona mmea huo wapi na lini. Mwalimu alichukia watu wa kubahatisha. "Hii ni sayansi, siyo ramli," alisema, na aliyeshindwa kutaja mahali na siku alinyang'anywa alama zake hata kama jibu lilikuwa sahihi.

Wengi walitega vya shambani kwao. Mmoja alisema, "Achanua hadharani, azaa mafichoni," tukajibu karanga kabla hajafumba mdomo, akarudi kukaa na aibu yake. Mwingine akasema, "Nalima mwaka mzima, nikishavuna napeleka motoni," na hata watoto wa darasa la tatu walijua ni tumbaku, kwa kuwa walikuwa wameishona kwenye vijiti jana yake. Mimi nilikuwa hodari wa kutegua. Nilikuwa naangalia uso wa mtegaji kuliko kusikiliza maneno yake, na uso husema mapema.

Aliyenisumbua alikuwa rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Mama yake alifariki alipokuwa ananyonya, baba yake akaoa mke mwingine, na yeye akalelewa na bibi mzaa baba mpaka siku ya kuhamishwa. Bibi ndiye aliyemfundisha miti, kwa jina, kwa harufu, kwa ladha ya ganda. Alikuwa mpole, tena mpole wa kukera. Ukimchokoza anacheka, ukimnyima anasema haidhuru. Nilimpenda, na wakati huohuo nilitamani siku moja nimwone analia.

Siri yake aliniambia yeye mwenyewe. Siku ya kuhamishwa, bibi yake aliingia porini na kuku wake watatu, akakaa huko mpaka lori likaondoka. Ukoo mzima ukawaambia viongozi kwamba mzee ameshakwenda Lusu kwa binti yake. Nyumba yake ilikuwa peke yake, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo zamani misafara ya kwenda na kutoka pwani ilikuwa inapiga kambi, kwa hiyo waliokuja kuezua hawakuiona. Alikataa kuhama kwa sababu pale alikuwa amezika mume na watoto wanne. Kila Jumamosi au Jumapili rafiki yangu aliaga kwamba anakwenda kutafuta uyoga, akampelekea bibi unga na chumvi.

"Wakimjua watachoma nyumba," aliniambia. "Na bibi amesema atakayewaleta pale, hata akiwa wa damu yake, hatamtazama tena usoni. Mimi sina mtu mwingine. Usimwambie mtu, hata mama yako." Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la babu yangu. Tulikuwa tumekaa njiani, yeye ametoka kwa bibi, mimi nimemsubiri, na alikuwa amenibebea nusu ya komamanga. Palikuwa na mkomamanga mmoja tu nchi yetu ile yote. Ulipandwa uani kwa bibi na mfanyabiashara Mwarabu aliyeugua safarini akauguzwa hapo, naye akaacha mti badala ya asante. Sikuwahi kula kitu kitamu namna ile. Juisi yake ilinitia madoa kwenye gauni la shule na mama akanichapa.

Muhula huo ilitangazwa kwamba mshindi wa Ijumaa zote atapanda treni kwenda Tabora kwenye mashindano ya shule. Mimi nilikuwa sijapanda treni. Nilikuwa nimewahi kuiona mara moja Tura, abiria wamekaa madirishani wanakula mayai ya kuchemsha na kutupa maganda kwa dharau, nikasema moyoni, na mimi nitatupa maganda. Ijumaa ya mwisho ilipofika tulikuwa tumebaki wawili, mimi na yeye, tumelingana alama. Mimi nilikuwa nimeshatega changu na kimeteguliwa. Kikabaki chake. Wakishindwa wote, safari ni yake. Nikijibu mimi, safari ni yangu.

Baba alialikwa kama mgeni rasmi. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, kofia magotini.

Rafiki yangu akasimama na kitambaa chake. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango wala dirisha. Ndani wageni wamebanana bega kwa bega, wote wamevaa shanga nyekundu."

Nilijua kabla hajamaliza. Yeye naye alijua kwamba ninajua. Nimewaza miaka mingi kwa nini alichagua kile, na jibu langu ni hili: shule nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuweza kukitegua, na mtu huyo alikuwa ameapa. Kwenye kitambaa alikuwa ameweka ganda kavu, la kuchemshia dawa ya tumbo, ambalo angeweza kusema amelihifadhi tangu kabla ya kuhama. Kwa hiyo alikuwa amejipanga vizuri sana. Alichokosea ni kuniamini.

Watu wakajibu boga, wakajibu pilipili, mtoto mmoja akajibu kituo cha polisi, shule ikacheka. Akatoa kidokezo cha kwanza: ngozi yake hutuliza tumbo. Cha pili: hakuota mwenyewe, aliletwa na msafara. Cha tatu: kichwani amevaa taji. Kila alipotoa kidokezo alinitazama, na mimi nilitazama mikono yangu. Mwalimu akasema, "Haya, mmeshindwa. Mpeni mji." Wakaanza kupiga kelele, Tabora! Tabora! Naye akaanza kutabasamu.

Nikanyoosha mkono.

"Komamanga," nikasema.

Mwalimu akafurahi kwelikweli. Akaniuliza, kama ilivyokuwa sharti, nimeliona wapi na lini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nimedanganya watu kwa miaka. Nimewaambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba neno lilinitoka, kwamba niliogopa sharti la mwalimu. Si kweli. Ningeweza kusema nililiona zamani, kabla ya kuhama, na mwalimu angekubali, na safari ingekuwa yangu vilevile. Jibu hilo nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Lakini rafiki yangu alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, na macho yale yalinipa raha ambayo sikuwahi kuipata kabla ya hapo.

"Nililila Jumapili iliyopita," nikasema. "Linatoka kwa bibi yake, ng'ambo ya kijito."

Makofi yalipigwa, maana watoto hupiga makofi kwanza. Kisha walimu wakageuka kumtazama baba. Baba hakupaza sauti. Akaniuliza polepole, kama anayeuliza bei ya kitu sokoni, "Jumapili ipi, mwanangu?" Nikarudia. Akavaa kofia yake.

Rafiki yangu alikuwa bado amesimama mbele. Hakuwa na haja tena ya kufungua kitambaa, lakini alikifungua, akatoa lile ganda kavu, akaliweka mezani kwa mwalimu, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyotaka. Hakulia. Nilikasirika kwamba hakulia.

Kesho yake asubuhi walikwenda vijana watano wa mgambo na trekta la kijiji. Moshi tuliuona tukiwa tunapalilia bustani ya shule. Kabla ya saa sita walirudi, na bibi ameketi kwenye tela juu ya kinu chake, amefunga kanga kichwani kama anakwenda arusini, hatazami kushoto wala kulia. Mkomamanga waliukata. Mgambo mmoja alikuwa amejaza makomamanga kwenye shati lake akatugawia pale barabarani. Langu nililila lote. Jioni ya siku hiyo baba wa rafiki yangu alisimamishwa mkutanoni akaombwa arudie mbele ya watu ile hadithi ya Lusu, na watu wakacheka, hata wale waliokuwa na wazee wao wamefichwa.

Treni nilipanda. Nilitapika kuanzia Tura mpaka karibu na Tabora, mayai yakanishinda. Kwenye mashindano nilitolewa raundi ya kwanza, na kilichonitoa kilikuwa mpunga. Mwalimu aliniambia nisijali, akaninunulia soda, na nikaona kwamba alikuwa hapendi kunitazama usoni.

Niliporudi, bibi alikuwa amepewa kibanda mwisho wa mstari wetu. Mama alianza kunituma kwake na uji kila asubuhi. Nilitegemea atanifukuza. Siku ya kwanza nilipiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa mwenyekiti?"

"Ndiyo, bibi."

"Ingia. Mtoto akiulizwa na mwalimu wake hujibu. Wewe sina neno na wewe."

Akanywa uji. Siku zilizofuata akaanza kunizoea, akanionyesha majani ya kutuliza jino, akanisahihisha Kinyamwezi changu cha barabarani. Mjukuu wake alikuja kila siku na chakula, na kila siku bibi alimwambia aweke nje, kisha chakula kikaliwa na kuku. Hakumruhusu kuvuka kizingiti. Rafiki yangu hakuchoka. Shuleni alikuwa amehama dawati na hakuwa akizungumza na mimi, lakini pale kwa bibi tulikutana kila asubuhi, mimi ndani, yeye nje.

Hatimaye, asubuhi moja, bibi akashika bakuli bila kunywa. Alikuwa amekonda sana, mifupa ya mabega imetokeza. Rafiki yangu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na sahani ya ugali na mlenda, ameifunika kwa sahani nyingine. Bibi alijua kwamba yupo. Nadhani ndiyo maana aliuliza wakati ule.

"Nikuulize kitu kimoja, kisha sitakuuliza tena. Yeye anasema alikuapisha. Anasema ulikula kiapo cha kaburi. Kama alikuapisha, basi alitaka kunilinda, na nitamwita aingie. Kama hakukuapisha, alinitupa tu njiani kama maganda. Alikuapisha?"

Lilikuwa swali rahisi, wala halikuhitaji kidokezo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mtu mmoja mlangoni angerudishiwa kila alichokuwa nacho duniani. Lakini kama aliniapisha, basi mimi nilikuwa mvunja kiapo, na bibi angejua, na asingenipokea tena, na nilikuwa nimeanza kupenda jinsi alivyokuwa akinipokea.

"Hapana, bibi," nikasema. "Hakuniapisha."

Nje nilisikia sahani ya juu ikigongana na ya chini, basi. Bibi akanywa uji wake mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akamwambia mjukuu wake arudi kwao na chakula chake na asije tena. Kisha akanirudishia bakuli, akasema Mungu anibariki.