Jumapili za Tantine

Jumapili isiyo na wageni, mama yangu alikuwa mama yangu. Wageni wakija, alikuwa tantine, yaani shangazi, mama mdogo, chochote kile ila mama. Sheria hiyo niliijua kabla ya kujua Baba Yetu, kwenye nyumba ya watoto iliyonilea Lubumbashi, na mpaka leo nikiikumbuka natamani kuvunja sahani.

Nyumba ile ilikuwa ya chama cha wafadhili wa Brussels, watu wema wa parokia, waliotoa pesa kwa ajili ya mayatima. Lakini wengi wetu hatukuwa mayatima kamili. Baba yangu alikufa baada ya kupoteza kazi mgodini, mama akabaki na watoto watano na meza ya kuuzia makaa. Alinipeleka pale ili nile na nisome. Sijui kama kuna aliyewaambia wafadhili kwamba wangemsaidia mama mwenyewe, mimi ningelala nyumbani. Labda waliambiwa, wakaona mama hapendezi kwenye picha.

Siku za kawaida nilizipenda, sitasema uongo. Asubuhi ilikuwa uji wa mahindi, na wakubwa kuwaosha wadogo nyuso. Baada ya shule tulichambua maharagwe barazani, na ile baridi ya Juni ikishuka tuligombania mahali penye jua. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, kila chumba sinia moja. Ukichelewa unakuta wenzako wanalamba vidole. Jumapili mama alikuja kwa mguu na maandazi ndani ya kitambaa. Alikaa chini, mimi nikakaa katikati ya magoti yake, akanisuka huku akinisimulia mambo ya ndugu zangu. Alivuta nywele mpaka machozi yanatoka, na mimi nilitaka avute zaidi.

Kisha inafika habari kwamba wageni wanakuja. Maman directrice, mkuu wa nyumba, alituamuru tufumue nywele, kwa sababu kichwa kilichosukwa vizuri kinaonyesha kuna mtu nyuma yake. Mama zetu waliruhusiwa kubaki, mradi wakae jikoni wamenye mihogo kama wafanyakazi.

“Leo hapa hakuna maman,” alituambia. “Kuko batantine tu. Munasikia?”

“Ndiyo, maman directrice,” tuliitikia. Yeye kumwita maman ilikuwa ruhusa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akafiwa.

Nilikuwa na kama miaka minane nilipoanguka kwenye bembea mbele ya wageni. Kidevu kilipasuka, damu ikajaa gauni. Nilipiga kelele, “Mama!” Mama alikuwa palepale mlangoni pa jikoni na ndoo yake. Nilimwona akiinuka. Nilimwona pia akimtazama maman directrice, kisha akaketi tena. Mzungu mmoja, mke wa mwenyekiti wa chama, alikimbia akanipakata. Maman directrice alimweleza kwa Kifaransa kwamba maskini huyu bado anamlilia marehemu mama yake. Yule mama wa kizungu alilia kweli, machozi yakanidondokea shingoni, na mwenzake akatupiga picha.

Miaka ikapita. Nilikuja Brussels kusomea uuguzi, nikapata kazi hospitalini, mtaa wa Jette. Mwaka ambao mama alipata viza ya kuja kunitembelea, chama kilikuwa na chakula chao cha jioni cha kuchangisha pesa, katika ukumbi wa parokia huko Schaerbeek. Walikuwa wamenitafuta wakanipata: nisimame, nitoe ushuhuda, mtoto wao aliyefanikiwa. Nilikubali kwa sababu moja tu. Nilitaka kumwita mama yangu mama mbele yao, na wasikie.

Sikumwambia mama nia yangu. Alivaa kikwembe, kitenge kipya, akafurahi kwamba anaenda kula moambe, kuku wa mchuzi wa mawese. Ukutani walikuwa wametundika picha, na ile yangu ilikuwepo, kubwa kama mlango: mimi na damu yangu mapajani mwa mzungu. Mama aliisogelea, akaweka kidole pembeni kabisa, palipoonekana ndoo na mguu wenye kandambili ya buluu.

“Ona,” aliniambia huku anacheka. “Ile muguu njo yangu.”

Sikuweza kucheka. Waliponiita mbele, niliacha ile hotuba waliyonizoesha. Nilisema kwa Kifaransa kwamba sikuwahi kuwa yatima wa mama. Kwamba aliyenizaa yuko hai, ndiye yule pale meza ya nyuma. Kwamba mguu wake uko kwenye picha yao na wameitazama miaka yote bila kumwona. Uma zilitulia. Mke wa mwenyekiti, mzee sasa, aliweka mkono mdomoni.

Mama yangu akasimama. Kifaransa chake ni kidogo, lakini kilimtosha.

“Non, non,” alisema, akitabasamu lile tabasamu la jikoni. “Moi, c’est la tantine.” Yeye ni tantine tu.

Ukumbi mzima ukapumua. Mwenyekiti akapiga makofi, wengine wakamfuata, mtu akasema maskini binti amechoka, kazi ya hospitali si mchezo. Mama akaketi akamalizia moambe yake.

Tulipanda tramu ya kurudi kwangu, mtaa wa Saint-Gilles. Nilikuwa nimezoea kuwakasirikia wao. Sikujua nitamkasirikia na yeye, tena kiasi kile.

“Maman, ju ya nini?” nilimuuliza.

“Kule kungali batoto,” alijibu. “Bale bazungu bakikasirika, kesho batakula nini?”

“Na miye? Bon, miye si mutoto?”

“Weye ulikula,” mama alisema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi pale nilikuwa najua uchungu wangu peke yangu. Niligeuza uso dirishani.

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kikongo mwenye mifuko ya sokoni. Alikuwa amesikia Kiswahili chetu, akafurahi kama mtu aliyekutana na jirani.

“Jambo, maman,” alimsalimia mama. “Huyu ni mutoto yako?”

Mama aligeuka kwanza, akatazama viti vya nyuma yetu, kisha akatazama mpaka mlango wa mbele, mtu kwa mtu. Ndipo akaegemea karibu na yule mama, akamwambia kwa sauti ndogo:

“Ndiyo. Ni wangu.”