Kuhama kwa W. Pokorny

Arlys Pokorny alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kazini: hakukubali neno "karibu." Ukimwambia kahawa inakaribia kuwa tayari, atakuuliza iko tayari au haiko. Miaka kumi na tisa ya kusafisha orodha za majina ndiyo iliyomfanya hivyo.

Kampuni yao ilikuwa pembeni mwa mji wa Manitowoc, nyuma ya ghala la mbegu. Makanisa, vyama vya wastaafu, wauza matairi, wote walileta orodha za watu wao ili waandikiwe barua. Kabla barua hazijachapwa, majina yalilinganishwa kwenye kompyuta na taarifa za kuhama ambazo watu huziacha posta, na majibu yalirudi kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza: huyu amehama, anwani yake mpya hii hapa. La pili: hakuna habari. La tatu ndilo lilikuwa la Arlys. Hapo taarifa ya kuhama ipo na inafanana na mtu wako, ila kuna kitu kimoja kinagoma. Pengine namba ya chumba haipo. Pengine orodha inasema mwanamke na taarifa inasema mwanamume. Anwani mpya hutapewa, na Arlys alilipwa kuwaeleza wateja maana yake na kuwazuia wasibuni. Kubuni ndiko alikokuchukia kuliko kitu chochote.

Ijumaa moja ya Machi aliletewa orodha ya umoja wa wanawake wa parokia yake mwenyewe. Orodha hiyo ilitunzwa na Bibi Hruska, mwenye miaka themanini na minane, na Bibi Hruska hakuona sababu ya mke wa mtu kuwa na jina lake mwenyewe. Kila mwanamke aliandikwa kwa herufi ya mumewe: Bi. E. Stodola, Bi. R. Kadlec. Arlys alikuwa amelalamika mpaka akanyamaza.

Kwenye fungu la tatu, mstari wa arobaini na moja, alijikuta mwenyewe. Bi. W. Pokorny, nyumba yake, barabara yake. Majibu yalisema kuna taarifa ya kuhama kutoka nyumba hiyo, ya mtu mmoja na si familia, jina la ukoo sawa, herufi ya kwanza sawa. Kilichogoma ni jinsia. Aliyehama ni mwanamume.

Mumewe aliitwa Wilmer, na asubuhi ile alikuwa amemwacha jikoni anapaka siagi mkate.

Arlys alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akamkumbuka mkwewe, mzee Wencel, naye ni W. Mzee aliishi nao chumba cha nyuma kabla ya kupelekwa nyumba ya wazee, yapata miaka mitatu na nusu iliyopita, na posta huweka taarifa kwa miaka minne. Ni mzee tu. Nani tena? Moyo ukatulia kama dakika mbili.

"Bosi, leo una siafu kwenye kiti?" Duane wa mashine ya bahasha alimuuliza. "Mara ya sita hiyo unainuka."

"Chunga bahasha zako."

"Nachunga. Ila nikikuona hivyo nadhani tunafukuzwa."

"Wewe ungekuwa umefukuzwa zamani, Duane, ni mimi tu ninayekutetea."

Duane akacheka. Arlys hakucheka. Alikuwa anawaza barua. Mtu akihama na kuacha taarifa, barua zake huacha kuja nyumba ya zamani. Sasa za mzee zimeacha?

Saa ya chakula aliendesha gari mpaka nyumbani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Gari la Wilmer halikuwepo, kisha akakumbuka kwamba ni Ijumaa na Ijumaa Wilmer hucheza karata kwa kaka yake Delbert, kule Two Rivers. Akauvamia mkoba wa barua kando ya mlango wa jikoni. Juu kabisa palikuwa na kijitabu cha mbegu za nyanya, kimefika wiki iliyopita, kimeandikwa jina la mzee Wencel. Basi barua za mzee zinakuja. Mzee hakuwahi kuandikiwa taarifa yoyote.

Akaumwaga mkoba wote mezani. Bili ya umeme, jina la Arlys. Maji, jina lake. Parokia, Bi. W., yaani yeye. Hakukuwa na hata bahasha moja ya Wilmer, na alipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kuiona, hakukumbuka. Alipanda chumbani akafungua kabati. Mashati yalikuwepo, buti zilikuwepo. Akajikuta anazihesabu soksi za mtu mzima wa miaka sitini na sita, akaona aibu, akafunga kabati na kurudi kazini bila kula.

Mchana ule hakufanya kazi yoyote ya maana. Kwanza, kichwani mwake, Wilmer alikuwa na mwanamke. Kisha alikuwa anaumwa na anaficha barua za hospitali. Kisha alikuwa anahama Jumatatu, na yeye ndiye wa mwisho kujua, kama ilivyo kawaida ya wake. Kila jambo alilokuwa amewakataza wateja kwa miaka kumi na tisa, alilifanya yeye katika saa nne.

Saa kumi na moja jioni walikwenda kula samaki, kama kila Ijumaa, kwenye baa ileile, meza ileile karibu na dirisha. Wilmer akaagiza brandi yake yenye cheri. Alikuwa ameshinda karata na alikuwa na maneno mengi.

"Delbert hajui kucheza, Mama. Anashika karata kama anashika—"

"Wilmer, ulihama lini?"

Aliishusha bilauri mezani.

"Nani kakwambia?"

"Posta."

Mhudumu akaleta mkate mweusi na kabichi, akaona nyuso zao, akaondoka bila kuuliza kama wanahitaji kitu.

"Ule mwaka dada yako Jeanette alipofanyiwa operesheni ya goti," Wilmer alisema. "Ulikwenda kwake La Crosse wiki mbili. Mimi nikaenda kwa Delbert."

"Kufanya nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Na mimi?"

"Na kila kitu. Kiwanda kilikuwa kimenistaafisha, mzee ametoka nyumbani, wewe ukitoka kazini unanirekebisha hata ninavyokunja taulo. Nilijiona sina kazi pale ndani." Akasogeza sahani. "Siku kumi na moja tu, Mama. Nilikwenda kupumzika siku chache, nikarudi. Hukujua hata."

Arlys alimwangalia. Hapo ndipo kilipomchoma, na kilimchoma kwa sababu ya kazi yake. Fomu ya posta ina visanduku viwili: unahama kwa muda, au unahama moja kwa moja. Wa muda hawaingii kwenye orodha. Hata siku moja hawajawahi kuingia.

"Mtu wa siku chache haonekani kwangu," alisema polepole. "Wewe umeonekana. Uliweka alama wapi?"

Wilmer akanyoosha kitambaa cha meza. Masikio yalimwiva.

"Wapi, Wilmer?"

"Moja kwa moja."

Samaki wakaja. Hakuna aliyewagusa.

"Sasa mbona ulirudi?"

"Jeanette alipiga simu kwa Delbert kunitafuta. Akasema unafika Jumamosi na basi la saa tisa, na theluji ilikuwa inamwagika. Nikasema, nani atampokea huyu mwanamke?" Akasugua uso kwa kiganja. "Nikaja stesheni. Nilikuwa nakupeleka nyumbani tu, halafu nirudi kwa Delbert. Ukaingia garini ukaniambia nimekaa vibaya, mgongo utaniuma. Nikacheka. Sikurudi tena kwa Delbert."

Arlys aliikumbuka Jumamosi ile. Gari lilikuwa na joto tayari, na Wilmer alivaa kofia nyekundu asiyoijua. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi mumewe alivyomngojea kwenye theluji. Kofia ilikuwa ya Delbert.

"Na barua zako?"

"Ziko kwa Delbert. Sikuthubutu kujaza fomu ya kurudi, ungeiona karatasi ya posta ikifika nyumbani. Ndiyo maana nakwenda kila Ijumaa. Kucheza karata hata sipendi."

Angeweza kulia, na angeweza kumtupia kabichi. Alichofanya ni kuuma samaki, ambaye alikuwa amepoa, na kumtafuna mpaka mwisho.

"Jumatatu utakwenda posta," alisema. "Utajaza fomu ya kutoka kwa Delbert kuja kwangu. Sitakwenda nawe, na sitakuuliza uliweka alama wapi."

"Hutaniuliza?"

"Nina namna yangu ya kujua."

Wiki tano alikaa hivyo. Alipika, alikunja taulo bila kusema neno juu ya zile za Wilmer, alilala vibaya. Alikuwa amewafokea watu kwa kuchungulia majina ya jamaa zao kwenye orodha za wateja, na alijua kabisa anachotaka kufanya ni kosa hilohilo. Orodha ya wauza matairi ilipoingia, aliongeza mstari mmoja mwishoni: W. Pokorny, mwanamume, kwa anwani ya Delbert. Kama hakujaza fomu, au kama aliweka alama ya muda, majibu yangesema hakuna habari.

Majibu yalirudi saa nne asubuhi. Alianza kulisoma fungu la tatu kwa mazoea, hakumkuta. La pili hakumkuta. Kwenye la kwanza alikuwepo: amehama, mtu mmoja, Jumatatu ile baada ya samaki, na anwani mpya ilikuwa imeandikwa yote, namba ya nyumba na barabara, nyumba yake Arlys.

Akaisoma mara mbili, kisha akaufuta mstari.

"Kuna tatizo, bosi?" Duane aliuliza.

"Hakuna," alisema Arlys. "Huyu amepatikana."