Mamangu alikataa kusaini karatasi isiyo na kichwa

Niaje wakuu.

Miaka yote hapa nimekuwa msomaji wa kimya, nacheka tu na mabishano yenu ya siasa. Leo nina yangu. Sijaongeza chumvi, na mods wakipata uongo wanifungie account.

Mnajua vile sisi watu wa ofisi tunapenda kusema Wakenya hawajui haki zao? Mimi nilikuwa mwenyekiti wa hao wasemaji. Nafanya kazi Kilimani, nina digrii, na katiba nimeidownload kwa simu. Kuisoma ni stori nyingine.

Mamangu anauza mboga za kienyeji kwenye soko dogo karibu na Dagoretti Corner. Mrenda, saga, managu, kunde. Alitoka upande wa Bungoma kabla sijazaliwa, na kibanda hicho ndicho kilinisomesha. Kila mtu pale anamwita Mama Wekesa. Wekesa ndiye mimi.

Sasa siku moja notisi ikabandikwa kwenye lango la soko. Kuna mradi unakuja: vibanda vibomolewe, pajengwe parking na maduka ya kisasa. Wananchi waje Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa watoe maoni.

Mradi kama huo hauwezi kwenda mbele kabla wananchi waulizwe. Ndiyo hiyo public participation tunayoimba kila siku.

Nilimsindikiza mama. Wacha niseme ukweli, nilienda ili nimsemee. Niliogopa wataanza Kizungu chao na yeye abaki ametoa macho.

Mlangoni kulikuwa na dada mmoja wa kampuni iliyoajiriwa kukusanya maoni. Jina la kampuni nitaliacha. Unaandika jina, namba ya kitambulisho na simu, unasaini, unapewa soda na mkate. Mama alibaki nje akisalimia watu wa soko, mimi nikawa wa kwanza kabisa. Nikasaini chap chap, nikachukua soda yangu, nikakaa mbele kama mgeni wa heshima.

Baada ya muda naangalia nyuma, foleni imesimama. Karatasi ya kwanza ilikuwa imejaa, mama amepewa ya pili, na anaigeuza huku na huku.

"Mwanangu, hii karatasi haina kichwa," alimwambia yule dada.

"Ni ya attendance tu, mathe. Sign tuendelee, watu ni wengi."

"Kama ni ya attendance, si uandike ni ya attendance?"

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mama ni katibu wa chama cha akina mama kanisani, na ameshika hicho kitabu tangu nikiwa primary. Hakuna mtu anasaini kabla juu pameandikwa tarehe, mahali, na wamekutana kwa nini. Mkutano ukiisha, anachukua rula na kupiga mstari chini ya jina la mwisho, ndio mtu asije akaongeza jina baadaye. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi na nikadhani ni mambo ya wazee kujisumbua.

Basi nikainuka kwenda kumtuliza. Ndiyo wakuu, kumtuliza yeye.

"Mama, hiyo ni form tu," nikamnong'oneza. "Unachelewesha watu."

"Wekesa, wewe ulisoma nini kabla usaini?"

Nikaificha soda nyuma ya mgongo.

Bosi wa ile kampuni akaja mbio, suti na tabasamu. "Mama, tafadhali usituletee siasa hapa."

"Siasa ni yako," mama akamjibu. "Mimi nimeleta biro."

Akaiweka ile karatasi mezani, akaandika juu kwa mwandiko wake wa kitabu cha chama. Tarehe. Mahali. Halafu: Tumehudhuria mkutano. Hatujakubali na hatujakataa mradi. Maoni yetu tutayasema wenyewe. Akasaini chini yake.

Aliyemfuata alikuwa Mzee Kamau. Familia yake iko hapo tangu kukiwa mashamba, ana nyumba za kupangisha, na kila mtu alijua anautaka mradi huo. Nikajua sasa moto umewaka.

Mzee akavaa miwani, akasoma polepole.

"Mimi hiyo parking naitaka sana," alisema. "Lakini nitajisemea. Sitaki kusemewa na karatasi."

Akasaini chini ya mama. Foleni yote ikafuata, fundi wa viatu, wauzaji mitumba, wote. Mkutano ulipokwisha, mama akatoa rula kwenye kiondo chake na kupiga mstari wake.

Wakuu, nilijivunia yule mama.

Wiki kadhaa baadaye ripoti ikatoka, na mama akanituma nikaisome kwenye ofisi ya kaunti ilipowekwa. Imeandikwa kwamba wananchi waliohudhuria waliunga mkono mradi, saini zimeambatanishwa.

Nikafungua saini. Ile karatasi ya kwanza, iliyokuwa haina kitu juu, sasa ina kichwa kimechapwa vizuri: Wanaounga mkono mradi.

Jina namba moja ni langu.

Mtu wa kwanza kukubali kibanda cha mamangu kibomolewe ni mimi, mwanawe, mwenye digrii.

Karatasi ya pili ilikuwa vilevile mama alivyoiacha. Juu hapakuwa na nafasi ya kuongeza neno, na chini kulikuwa na mstari. Nafikiri waliiweka kwa sababu walitaka idadi, na hakuna aliyejali kuisoma. Kumbe si mimi peke yangu niliyepitisha karatasi bila kusoma.

Wafanyabiashara wakapeleka malalamiko hapo kaunti wakionyesha hizo kurasa mbili. Ripoti ikarudishwa, na mkutano ukaamriwa uanze upya.

Kumwambia mama kuhusu jina langu kulinichukua siku mbili. Aliendelea kuchambua managu. Halafu akasema, "Siku ya huo mkutano mpya utapanga laini nyuma yangu."

Nikapanga. Safari hii karatasi zilikuja na kichwa, na nilikisoma mara mbili huku watu nyuma wakilalamika kwamba nawachelewesha. Mama hakugeuka, lakini nilimsikia akicheka.

Uamuzi bado haujatoka. Kibanda kingali pale, na Mzee Kamau bado anabishana na mama kila jioni, kisha ananunua kunde.

Nilichojifunza ni kwamba haki yangu nilikuwa nayo kwa simu, mama alikuwa nayo kwa kiondo. Siku ilipohitajika, yake ndiyo ilitoka.

Haya, semeni ukweli: karatasi ya mwisho uliyosaini, juu ilikuwa imeandikwa nini?