Juu ni Wapi

Tabea alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, trakisuti yake ya mitumba imelowa hadi kiunoni, akiutazama upepo. Bwawani upepo huonekana. Maji hukunjamana kwa mbali, weusi fulani unatambaa kukujia, kisha unahisi shati limekushika mgongoni. Mchana ule weusi ulikuwa unatoka upande wa tambarare, nao ulikuwa na haraka.

"Asubuhi haujawahi kuwa hivi," aliniambia.

Mambo ya upepo sikuyajua. Mimi nilikuwa karani wa kambi, kazi yangu ilikuwa funguo na stakabadhi.

Kambi ilikuwa ya Philemoni, Mchaga mwenye duka la vipuri mjini Arusha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu akijaribu biashara asiyoijua, na yeye alikodi bwawa la shamba la zamani la kahawa karibu na Usa River, akajenga vibanda vya watalii. Kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alinunua mbao mbili za tanga. Ubao wenyewe ni mrefu kama mlango na una mlingoti katikati. Mtu husimama juu yake na kulishikilia tanga kwa mikono yake mwenyewe.

Tabea, Mmeru wa Akheri, alikuja kufua mashuka baada ya kupunguzwa kiwandani. Watoto wake wawili walikuwa kwa mama yake. Kuogelea alijifunzia humo humo bwawani, jambo ambalo mama yake hakuambiwa. Mwalimu wa mbao alikuwa Najim, kijana wa Tanga, ambaye siku moja alimpandisha ubaoni kwa mzaha, naye hakuanguka. Baadaye Najim alipoaga kwamba msimu ukiisha anarudi kwao, Tabea alikwenda kwa Philemoni na kuiomba kazi ile.

Philemoni hakumkatalia. "Mawakala wa watalii wanakuja Jumamosi," alisema. "Ubao ukipaa mbele yao, kazi ni yako. Usipopaa, anakuja mtu wa Mombasa. Na mashuka, Tabea, mashine ya kufulia nimeshaiagiza."

Hivyo Jumamosi ile ilikuwa imebeba kazi zote mbili, ile aliyoiomba na ile aliyokuwa nayo.

Kupaa si kuruka hewani. Ubao ukipata kasi ya kutosha, unaacha kuyasukuma maji kwa kifua, unayapanda na kuteleza. Kabla ya hapo unajikokota. "Unalima, dada Tabea," Najim alizoea kumwambia. "Mimi sikukuleta shambani." Walifanya mazoezi asubuhi, kabla ya mashuka, kwa upepo mwembamba unaoshuka kutoka Meru, na kila asubuhi ubao ulilima.

Siku za mwanzo Najim alimwelekeza kwa maneno ya kwao. Upande unakotoka upepo aliuita joshini. Tabea hakuelewa, hata sisi wengine hatukuelewa, basi Najim akarahisisha: upepo unakotoka ni juu, unakokwenda ni chini. Hilo lilieleweka mara moja. Hakuna aliyejiuliza kwa nini lilieleweka upesi hivyo.

Mchana ule wa Jumamosi mawakala walikuwa wawili, wameshiba, wameketi kwenye viti vya kamba. Philemoni alisimama nyuma yao na funguo za gari mkononi, akizichezesha.

"Sikiliza," Najim alimwambia Tabea kwa sauti ya chini. "Kata bwawa kuelekea ng'ambo. Upepo ukikusukumia kwenye visiki, mimi nitakupigia kelele."

Visiki vilikuwa kwenye ncha ya bwawa upande wa mlimani, pale mto unapoingia. Ni miti iliyokatwa zamani, kisha maji yakaifunika. Wiki iliyotangulia kimoja kilikuwa kimempasua mguu mgeni mmoja.

Tabea akalivuta tanga. Upepo ulimchukua kwa nguvu ambayo mikono yake haikuijua, akapepesuka, akasimama tena. Ubao ulilima kwenda mbele, lakini ulikuwa ukisogea pia kwa ubavu, taratibu, kuelekea visiki.

"Juu," Najim akapaza sauti. "Tabea, juu."

Tabea alisikia. Niliona kichwa chake kikigeuka, kikautafuta mlima. Kwetu huku, juu ni Meru na chini ni barabara kuu. Tunasema hivyo njiani, sokoni, hata mezani. Mtu akisema sogeza sahani juu kidogo, sahani inakwenda upande wa mlima. Tabea alikuwa mtoto wa huko. Aliugeuza ubao kwenda juu.

Upepo sasa ulikuwa mgongoni mwake. Tanga likajaa mara moja. Alirudisha miguu nyuma ili asipige mbizi, akauning'iniza mwili kama ndoo, na ncha ya ubao ikainuka. Ukapaa. Povu jeupe lilichanika nyuma yake, na wakala mmoja akasimama na soda yake.

Najim hakufurahi. Alikuwa ameingia majini hadi kifuani. "Juu, mama wee, juu," alikuwa anasema, na kila alipolisema neno hilo Tabea alizidi kuulenga mlima. Vile visiki vya mbele vilionekana vyeusi. Nilishika kitasa cha kibanda kana kwamba kingeweza kusaidia kitu.

"Achia," Najim akapiga kelele.

Akaachia. Tanga likaanguka upande mmoja, yeye upande mwingine. Kisha kichwa chake kikatokea, hatua chache kutoka kwenye kisiki cha kwanza.

Wakala aliyesimama akapiga makofi. Philemoni hakupiga. "Hiyo ni bahati," alisema. "Mgeni akifundishwa hivyo atakufa. Arudie."

Najim alimfuata na mtumbwi. Walirudi wakibishana.

"Nilikwambia juu."

"Nimekwenda juu. Mlima umehamia wapi?"

Najim alitazama mlima, akatazama tambarare upepo ulikotoka, kisha akakaa chini mchangani. "Asubuhi zote zile," alisema. Upepo wa asubuhi hutoka mlimani. Neno juu la Najim na lile la Tabea yalikuwa yamelala kitanda kimoja kwa wiki nyingi bila ugomvi.

"Basi usiniambie juu tena," Tabea alisema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Niambie mlimani au tambarare."

Akaingia tena. Mara hii ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu sasa alijua anachokwenda kukutana nacho. Alikata maji, akangoja, ule weusi ukamfikia. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwenyewe akaelekeza ubao mlimani kwa makusudi, ili upate kasi, miguu nyuma, mwili nje. Ukapaa, moja kwa moja kuelekea visiki.

"Tambarare," Najim akasema, wala si kwa sauti kubwa sana.

Sidhani kama alimsikia. Lakini alikuwa ameshaanza kulilaza tanga nyuma, na ubao ukageuka polepole kuupa mlima ubavu, bado unateleza, ukavipita visiki na kuvuka bwawa hadi ng'ambo.

Philemoni aliweka funguo mfukoni. "Kandida," aliniambia bila kugeuka, "yule wa Mombasa mpigie simu. Mwambie asije."

Tabea alirudi akiukokota ubao kando ya maji, mikono yake imechubuka, haikunjuki. Nilimfunga kanga mabegani. Najim alimuuliza kupaa kukoje.

"Kimya," alisema. "Maji yanaacha kupiga kelele. Kule juu pana kimya kabisa."

"Juu ipi?" Najim akauliza.