Bakuli Zito la Mama Mkwe

Mama mkwe alipopooza upande wa kushoto, tulimtoa Namanyere tukamleta kwetu Mazwi awe karibu na hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na tonge alimega mwenyewe. Shida ilikuwa sahani. Hakuwa na mkono wa kuishikilia, kwa hiyo kila akimega, sahani inakimbia na mchuzi unaishia mapajani. Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anasema ameshiba kabla hajala. Mwisho akaanza kulia chakula chumbani peke yake, mlango umerudishwa.

Mimi ni mtu wa Mbeya, kazi ya ofisi ndiyo iliyonileta huku, na nina mchezo ambao majirani zangu hawajauelewa mpaka leo: nakereza mbao. Mashine nilichomelewa na fundi wa mageti, ikafungwa mota ya mashine mbovu ya kukoboa mahindi. Mti unazunguka, wewe unashika patasi na kuchonga. Nilikuwa nimeshatengeneza michi, miguu ya stuli na mipini ya majembe madogo. Bakuli, sikuwahi. Lakini nilijiambia nitamkerezea mama bakuli zito, lenye kitako kipana lisikimbie, na ukingo uliokunjwa kwa ndani, ili akisukuma tonge liegemee hapo lisidondoke nje.

Ukilisema hivyo, linaonekana jambo la jioni moja.

Jirani alikuwa ameangusha mparachichi. Nikaomba kipande, nikakifunga kwa skrubu kwenye kisahani cha chuma cha mashine, nikawasha. Mashine ikatembea. Ilitembea kweli, sakafuni, kuelekea mlangoni, kwa sababu gogo halikuwa duara na uzito ulilalia upande mmoja. Nikaizima, nikalaza mifuko ya mchanga juu ya miguu yake, nikapunguza kona za gogo kwa panga. Safari hii ilitulia. Mti mbichi ni laini. Nyuzi ndefu zenye maji zilinirukia mpaka kwenye kilemba. Nikamaliza siku hiyohiyo, nikaliweka bakuli juu ya kabati nikilitazama kama mtoto mchanga.

Kiangazi cha huku unakijua kwa upepo. Asubuhi bakuli lilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi kitakoni.

Kanuni niliijua, tena vizuri. Mti mbichi unaukereza mnene kwanza, unaupaka nta, unauacha ukauke taratibu kwa miezi, ndipo unaurudia. Lakini mama alikuwa anakonda wakati ule, si baada ya miezi.

Nikanunua mninga mkavu kwa seremala. Mninga mkavu haukubembelezi. Patasi ikipoteza makali kidogo tu inaparuza, na vumbi lake lilinipigisha chafya mpaka macho yakavimba. Nikiwa katikati, umeme ukakatika. Nikaingia ndani kukaanga mboga, sikuzima swichi. Uliporudi, nilisikia kishindo: mashine imejiwasha yenyewe na patasi niliyoiegesha imerushwa ukutani. Nikakimbia kuizima. Tangu hapo, umeme ukikatika, mkono wangu unakwenda kwenye swichi kabla ya kitu kingine chochote.

Nikaendelea kuchimba ndani ya bakuli. Ukingo ukatoka vizuri, nikafurahi, nikashuka zaidi, nikashuka zaidi, mara nikaona mwanga. Nilikuwa nimetoboa kitako.

Mume wangu alikuja akachungulia lile tundu.

"Si tununue la plastiki sokoni?"

"La plastiki ni jepesi. Litakimbia kuliko sahani."

"Tuweke jiwe ndani."

Jibu nililokuwa nalo halikufaa kuambiwa mume.

La tatu nilikwenda nalo kwa woga. Kwanza nilitoboa kijitundu katikati kwa keekee, hadi kina ninachotaka. Wakati wa kuchimba, tundu likipotea, unaacha hapo hapo. Patasi nayo nilijilazimisha kuitanguliza kwa mgongo: mgongo wa makali uguse mti, kisha unainua mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Hata hivyo, kwenye kuukunja ukingo ilinasa ikanipiga kidole gumba, kucha ikawa nyeusi. Lakini lilitoka. Nikalipiga msasa, nikalipaka mafuta ya alizeti, nikapakua maharage na ugali, nikampelekea chumbani, mume wangu akinifuata.

"Shikamoo, mama. Hili ni lako."

"Marahaba." Akalitazama. "Langu peke yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwanawe akasema kitu kwa Kifipa. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama ugonjwa wake unaambukiza."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye kibanda cha mashine. Nililia kwa hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Nilitaka kulipasua lile bakuli kwa shoka. Nililiacha kwa sababu lilikuwa ndani na shoka lilikuwa nje.

Kesho yake mchana tulikuwa tumekaa mkekani tukila, mama akaita kutoka chumbani. "Mkwe! Lete lile zito. Na mimi nileteni."

Tulimkalisha, tukamwekea mito mgongoni. Akaagiza maharage yote yamiminwe kwenye bakuli lile, liwekwe katikati, na ugali ubaki kwenye sinia. Akachovya. Bakuli halikusogea. Akasukuma tonge kwenye ukingo, likabeba maharage, likafika mdomoni. Alikula mpaka akasema ameshiba, na siku hiyo nilimwamini.

Ningependa kusema niliridhika. Mume wangu ana mkono mkubwa. Ukingo niliouhangaikia ulimbana, na alilalamika kila tonge. Mchuzi uliingia kwenye mkunjo ambako brashi haifiki, na baada ya wiki chache bakuli likaanza kunuka. Nimeanza jingine lenye mdomo mpana. Jumamosi iliyopita patasi ilinasa tena ikamegua ukingo mzima.

Mama alikuwa nje juani, amevaa sweta. "Bado?" akauliza.

"Bado, mama," nikamjibu, nikafungua skrubu kulitoa.