Majivu Katika Dawa ya Maharage

Mimi ni mtu wa kuamini namba kuliko majina, na tabia hiyo ndiyo iliyonipeleka pabaya. Dutu moja inaweza kuwa na majina kumi: la wauza dawa, la wataalamu, la kizamani, la kibandiko dukani. Namba yake ya usajili wa kemikali ni moja tu, kama namba ya kitambulisho cha taifa. Nafundisha kemia katika sekondari moja huku chini ziwani, na jambo hilo nimewaambia wanafunzi wangu kwa miaka, kifua mbele.

Kule juu Mbuji, nilikozaliwa, mama yangu mdogo na wenzake walikuwa wakichimba mizizi ya kichaka kinachoota kando ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mtelemkoni. Waliianika, wakaitwanga, wakaichanganya na majivu ya jikoni, wakaifunga kwenye vipakti na kuiuza Mbinga mjini. Maharage yakipakwa unga ule hayabunguliwi mpaka msimu mwingine. Walifundishwa na mama zao, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba dawa ile ina mwenyewe.

Ndipo ikaja barua. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imeomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya dawa iliyomo kwenye mzizi ule, na iliwataka akina mama waache kuitengeneza. Wakili wa kujitolea aliyeletwa na parokia alieleza kwa maneno mepesi. Hataza ni ya kitu kipya. Tukionyesha kwamba kuna mtu aliwahi kuandika habari za dawa ile kabla yao, mahali popote duniani, dai lao linaanguka. Mabibi zetu hawakuhesabika kwa sababu hawakuandika. Tulikuwa na miezi mitatu ya kuleta pingamizi.

Mama mdogo alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Mwanangu, sisi hatukusoma," alisema. "Wewe ndiye macho yetu."

Nilifurahi, sifichi. Wakili alikuwa amenitumia kurasa za lile dai, ndefu na za kuchosha. Nikasoma ya kwanza na ya pili, nikaziweka kando. Watu wa ng'ambo wanifundishe dawa iliyokuwa jikoni kwetu? Nilichukua kipakti kutoka kwa mama mdogo, nikakipeleka kwa rafiki yangu wa maabara ya chuo. Akachemsha, akachuja, akapata fuwele nyeupe safi, akanipa jina lake, mchoro wake na namba yake. Namba ikaniridhisha kuliko vyote.

Kwa wiki kadhaa, nikitoka darasani, nilinunua bando na kukaa na kompyuta. Niliiingiza namba ile katika kanzidata, zile hazina za taarifa mtandaoni, moja baada ya nyingine. Nikapata tangazo la muuza kemikali na makala mbili za juzijuzi, zisizohusu mizizi wala maharage. Nikajaribu na jina. Hola. Muda ulipokaribia kwisha nilimwandikia wakili barua fupi, kwa Kiingereza changu kizuri. Pingamizi halikupelekwa. Hataza ikatolewa, na vipakti vya Mbuji vikatoweka sokoni.

Mwaka uliofuata nilikuwa naandaa somo la kidato cha pili. Asidi na besi hutoa chumvi na maji. Mfano wangu wa kila mwaka ni majivu: maji ya majivu ni besi, ndimu ni asidi, mtoto yeyote wa hapa anavyo nyumbani. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya ubao wa mazoezi nikasimama na chaki mkononi. 

Mzizi ule una asidi. Majivu yanaigeuza kuwa chumvi. Mimi nilipima unga wenye majivu, kwa sababu kwetu hakuna dawa isiyo na majivu; kwangu majivu yalikuwa sehemu ya mzizi. Namba niliyoitafuta ilikuwa ya chumvi. Asidi yenyewe ina namba nyingine, na kanzidata haikisii ukoo wa vitu. Inakujibu ulichouliza.

Niliuchora upya mchoro, nikaondoa potasiamu iliyotoka kwenye majivu, nikatafuta kwa umbo lenyewe badala ya namba. Haikuchukua hata nusu saa. Makala ya zamani sana, ya mtafiti aliyepita milima hii: mzizi, asidi, na sentensi moja kwamba wenyeji huhifadhia maharage. Kisha nikazifungua zile kurasa za dai nilizoziweka kando. Asidi ilikuwa imetajwa ukurasa wa tatu.

Wakili alisema sasa njia iliyobaki ni mahakama kuu, na yeye hana uwezo huo. Nikapanda Mbuji Jumamosi. Mama mdogo alikuwa kwenye kichanja akichambua kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za ziwani?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwani kuna mtu anaitumia bila majivu?" aliuliza.

"Maabara za ng'ambo, mama."

"Kwa hiyo hayo maandishi yalikuwamo siku zote."

"Yalikuwamo."

"Na kwenye barua yako kwa wakili, uliandika hujayaona, au uliandika hayapo?"

Ningeweza kumdanganya. Barua ile hawezi kuisoma, na wakili asingemwambia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu.

"Niliandika hayapo."

Alitupa punje mbovu chini, akatupa na nyingine.

"Wenzangu walitaka tuendelee kutafuta," alisema. "Walisema tumuulize na mtu mwingine. Nikawakatalia. Nikawaambia mwanangu amesoma, akisema hayapo, hayapo. Nikawamwagisha unga wote, hadi wa nyumbani, kwa kuogopa kesi. Mwaka huu maharage yao yamebunguliwa. Jumapili kanisani wanakaa benchi la nyuma yangu, na hakuna anayenipa mkono wa amani."