Gia ya Kupandia

Kimaiyo alikuwa tanboi wa lori la viazi, na kazi ya tanboi kwenye milima ya Molo ni kuogopa kwa niaba ya wengine. Dereva huangalia mbele. Tanboi hukaa nyuma juu ya magunia, kabari ya mti mkononi, akiisikiliza injini. Lori likishindwa na mwinuko, huruka chini na kuisukuma kabari nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi. Akichelewa, huko nyuma kuna watu.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa miguu. Lori lililosheheni hupanda polepole, naye alizoea kukimbia kando yake badala ya kupanda na kuruka kila mara. Vijana wa mazoezi ya mbio walimwona, wakamkaribisha, na baada ya muda akawa anawaacha.

Dereva wake, mzee Odero, alikuwa amezeekea barabarani na alikuwa na sheria moja tu, ambayo aliirudia kama sala: lori hushuka mlima kwa gia ile ile ambayo lingeupandia. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli, gari likajiendea lenyewe injini ikipumzika, kwake ilikuwa dhambi. "Na breki zikikuishia," alisema, "usishindane nazo. Tafuta udongo."

Wiki ambayo Odero alilazwa kwa malaria, dereva wa kibarua ndiye aliyeshika usukani. Walipofika juu ya mteremko wa kushukia Rongai, akaweka nyutro. Kimaiyo alijua kwa masikio. Injini ilinyamaza, ukabaki upepo na turubai likipigapiga. Aligonga bodi kwa kabari, akagonga tena. Hakuna aliyemsikia. Akaruka, akaangukia kwenye matuta ya kabeji, na akiwa amelala pale akasikia lori likipinduka mbele. Dereva hakutoka. Tangu siku hiyo kimya chochote cha ghafla, hata redio ikizimika umeme ukipotea, kilimfanya ashike kitu.

Mtu kama huyo ndiye aliyeambiwa akimbie marathoni ya kuteremka.

Aliyemwambia ni Weldon, kijana mwenye koti la michezo na simu mbili, aliyekuwa akiwatafutia wakimbiaji mialiko ya ng'ambo. Mbio zingeanzia kwenye baridi juu ya Molo na kumalizikia Rongai, karibu njia yote ikiwa mteremko.

"Chief, hapo ni kushuka tu," Weldon alisema. "Mguu inajipeleka yenyewe."

"Na huo muda utahesabiwa?"

"Kwa rekodi, hapana. Lakini mimi natuma saa, situmi mlima. Huko wanaangalia saa."

"Wakiniita nikimbie tambarare je?"

"Ukifika huko utajua. Kwani unaogopa? Na hiyo miguu yote ya mbuzi?"

Vijana waliokuwa karibu wakacheka. Kutuma saa bila kuutaja mlima ulikuwa uongo, na Kimaiyo aliujua. Tusimtetee kwa umaskini, maana maskini wengi husema hapana kila siku. Alikubali kwa sababu alichekwa. Mtu akiitwa mwoga mbele ya wenzake huutupa hata ule woga ambao Mungu alimpa umlinde.

Akaanza mazoezi ya kushuka. Kupanda humchosha mtu pumzi, lakini kushuka humpiga mifupa, kwa kuwa kila hatua uzito wote huangukia paja moja. Kucha za miguu zikageuka nyeusi. Goti la kulia likaanza kutoa sauti ya mahindi makavu yakipukuchuliwa. Asubuhi moja mkewe, Mercyline, alimkuta kwenye ngazi za nyumba waliyopanga akishuka kinyumenyume, mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma.

"Baba Celestine, hiyo ni nini?"

"Nashuka."

"Celestine alishuka hivyo akiwa anatambaa."

"Ni misuli tu. Itazoea."

"Itazoea ama itakatika?" Mercyline aliitazama kabari iliyoegemea mlangoni. "Siku goti ikikataa, hiyo kitu nitaruka nayo mimi?"

Hilo hasa ndilo lililokuwa likimnyima Kimaiyo raha. Alijiona akiruka kutoka kwenye lori, goti likikunjika, kabari ikibaki mkononi, na magunia yote yakirudi nyuma taratibu kuelekea kwa watu.

Asubuhi ya mbio ukungu ulilalia mashamba ya viazi, na nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Odero alikuja amepakiwa kwenye bodaboda, koti limefungwa hadi shingoni, ili amfuate na maji.

"Unashuka na gia gani, kijana yangu?"

"Ya kati, mzee."

"Ya kupandia. Usinidanganye tukiwa bado juu."

Mwanzoni alitii. Alipiga hatua fupi, akajizuia, na watu wakampita kundi baada ya kundi. Kisha gari la Weldon likaja sambamba naye, kioo kimeshushwa.

"Achilia, chief. Unashikilia nini?"

Akaachilia.

Barabara ilimvuta. Aliwapita waliompita. Saa mkononi ilionyesha mwendo ambao hajawahi kuuona, na gari la Weldon likapiga honi na kutangulia. Mapaja yaliwaka moto, kisha yakaacha kuuma, na hapo ndipo alipoanza kuogopa kwelikweli. Hakulisikia tena goti. Hakuisikia pumzi yake. Nyayo zilifika chini kabla hajazituma. Palikuwa na upepo tu, na fulana ikipigapiga mgongoni.

Mbele, kando ya lami, Kibii, aliyefanya naye mazoezi miezi yote hiyo, alikuwa ameketi, amelishika paja kwa mikono miwili.

"Kimaiyo, simama."

Alitaka kusimama. Aliiambia miguu isimame, na miguu haikusimama. Akampita Kibii akimtazama usoni.

Alipojaribu kujizuia, goti lilicheza upande, na maumivu yakampanda hadi kiunoni. Alikuwa anagonga bodi, na dereva hasikii, na safari hii dereva ni yeye mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na kona, na chini ya kona yale mashamba ya kabeji. Juu ya barabara, upande wa mlima, palikuwa na shamba lililolimwa juzi.

Tafuta udongo.

Akajitupa kule. Tuta la kwanza lilimkwaza, la pili likampokea, naye akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa ardhi ya baridi. Alilala hivyo hivyo, akiogopa kujaribu mguu. Alianza na kidole. Kikacheza. Akalikunja goti polepole, nalo likalia kama mahindi. Alilisikia. Akamshukuru Mungu kwa ile sauti.

Weldon alikuwa amegeuza gari. "Amka, chief. Muda bado uko."

"Muda ni wa mlima," Kimaiyo alisema. "Upe mlima."

"Utajuta."

"Kibii ameanguka huko juu. Una gari."

Weldon alitazama simu zake, akapandisha kioo, akateremka kuwatafuta waliobaki mbele.

Bodaboda ikafika. Odero alimtazama kijana wake aliyejaa udongo, kisha akashuka na kumwambia mwenye pikipiki apande haraka amchukue Kibii, waliyemwona huko juu, ampeleke hospitali.

"Wewe kaa hapa," akamwambia Kimaiyo. "Atatupitia."

"Nilimpita, mzee. Aliniita nikampita."

"Sikia, hiyo goti..."

Kimaiyo alikuwa tayari amerudi barabarani. Alianza kupanda, mkono mmoja kwenye paja, mwingine begani kwa Odero, hatua ndogondogo, pumzi ikisikika. Kabla ya kila hatua alisubiri goti lijibu. Lilijibu kila mara, lakini hakuacha kusubiri.